Pikipiki ya Kulalia na Mkono wa Salamu

Iko siku moja naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu, mwanangu, nayo ni siku Maalim Khamisi alipotuteremsha kwenye pikipiki, mimi na marehemu baba yako, watu wazima wakitutazama. Tulikuwa vijana, ndevu ndiyo kwanza zaota. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mjomba wetu, tumeiazima tumpelekee bibi yetu unga kule Mtongwe. Mimi ndiye niliyeendesha. Baba yako Athumani alikaa nyuma, mfuko wa unga mapajani, akiimba kwa sauti ambayo Mungu hakumpa kwa kuimbia.

Maalim Khamisi alikuwa kando ya njia na bakora yake. Huyu ndiye aliyetusomesha Kurani sote wawili, na nusu ya Likoni alikuwa ameshaichapa kwa mkono wake. Nilipomwona nikainua mkono nimsalimu. Nikainua wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki, na mtu mwenye akili hauachii. Maalim akapiga ukelele nikadhani nimemkanyaga.

"Simama! Huo mkono wa chooni ndio unaonipungia mimi? Mimi niliyekufundisha alifu?"

"Shikamoo Maalim. Huu wa kulia nimeshikia..."

"Umeshikia nini kinachoishinda adabu?"

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Akaturudisha nyuma mpaka kwenye kona, akatuamuru tupite tena mbele yake, na safari hii tusalimu kama watu waliolelewa: mkono wa kulia uinuke, kisha uwekwe kifuani. Nikapita. Pikipiki ikayumba kidogo, lakini ilikuwa pikipiki ya zamani ya usukani wa juu, umekaa wima kama uko kwenye kiti cha mezani, basi ikajirudi yenyewe. Athumani nyuma yangu naye akaweka mkono kifuani, unga ukamwagika. Watu wakacheka. Mimi jioni yake nilikuwa nikicheka pia. Baba yako hakucheka. Aliniambia, "Mimi sitaaibika hivi tena maishani mwangu." Na Athumani alikuwa mtu ambaye neno likimwingia halitoki.

Sasa sikiliza kwa nini nakuchimbulia haya. Jana umekuja na simu yako ukanionyesha picha. Ukasema, "Ami, itazame hii." Nikaitazama, nikakurudishia simu, nawe ukadhani macho yangu hayaoni. Macho yangu ni mazima. Niliiona vizuri ile pikipiki ya spoti, nyekundu, usukani umeshushwa chini kuliko kiti, mwendeshaji amelala juu ya tangi kifudifudi. Watoto wa hapa huziita pikipiki za kulalia. Wewe umerudi kutoka Uarabuni na mvi kidevuni, kiuno chako kinalia ukiinuka kwenye mkeka, nimekusikia. Wataka kujifurahisha baada ya miaka ya kazi, na hilo ni haki yako wala sitakukataza. Lakini kwa pikipiki ile sitanyamaza, kwa sababu nimeshaosha maiti mmoja wa nyumba hii aliyeipanda.

Wewe uliambiwa baba yako aliuawa na mchanga. Ulikuwa mbali, na mtu aliye mbali huambiwa lililo jepesi kubeba. Mchanga ulikuwepo barabarani, sikatai. Lakini mchanga ule nimeupita mimi, wameupita akina mama na tuktuk zimejaa, na hakuna aliyekufa. Leo nitakwambia lililomuua, na likikuuma, na likuume.

Baba yako alipostaafu bandarini alinyong'onyea. Alikuwa ameendesha winchi umri wake wote, yuko juu, meli ziko chini yake, watu wanamngoja yeye. Ghafla anaketi kibarazani, kila apitaye anamuuliza afya yake kama mgonjwa. Vijana wakaanza kumwita babu. Kwenye kivuko wakawa wampisha akae. Mimi nikipishwa nakaa na kushukuru, yeye alikuwa akipishwa anasimama mpaka ng'ambo, kwa hasira. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini yeye alitaka angalau aunuse. Akaniambia atanunua spoti. Nikamwambia vyema, nawe umeendesha pikipiki tangu ujana, nunua, tena nitakusindikiza.

Tukaenda Changamwe kwenye duka moja la pikipiki zilizotumika. Zilikuwepo mbili zilizomfaa. Moja nyeusi, nayo ni spoti vilevile, injini ileile kwa maneno ya muuzaji, ila usukani wake uko juu na kiti chake kipana, mtu anakaa mgongo umenyooka, miguu haikukunjwa kama ya chura. Ya pili ndiyo ile nyekundu. Baba yako alipanda nyeusi, akashuka upesi. Akasema, "Hii ni pikipiki ya mwalimu mkuu." Akapanda nyekundu. Ikambidi alale ndio aufikie usukani. Muuzaji, kijana wa bara, mcheshi, akatoa simu akampiga picha.

"Mzae, hii ndio imekuweza. Ukipita nayo Likoni, wote shingo zitageuka."

Nikamwambia Athumani, "Kaa hapo juu yake hivyo hivyo, usishuke, mpaka tusikie adhana ya adhuhuri. Kisha uniambie kama waitaka."

Akacheka. "Kaka, mimi nanunua pikipiki au nanunua kitanda?"

"Kitanda," nikamwambia. "Huoni umelala?"

Muuzaji akacheka, Athumani akacheka, na mimi nikacheka, nao ukawa ndio mwisho wa nasaha yangu. Wanasema mchagua jembe si mkulima. Uongo huo. Mwenye kiuno cha miaka sitini na achague jembe, achague na mpini, na wanaotaka kulima leo leo wamngoje. Baba yako hakuchagua kwa kiuno. Alichagua kwa ile picha ya kwenye simu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi akawa nayo. Na kweli shingo ziligeuka, muuzaji hakudanganya. Alikuwa akikunja kanzu kiunoni, anavaa helmeti iliyoziba uso mzima, analala juu ya tangi, anapita hapa mtaani kwetu Shika Adabu polepole kwa sababu ya matuta. Watoto wakimkimbilia. Wiki za kwanza nilimwona ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama yako afariki, na kwa ajili ya furaha ile nikafunga mdomo.

Lakini hebu fikiri, wewe uliyesomea mambo ya mashine. Kwenye pikipiki ya kukaa wima, uzito wako uko makalioni, mikono ni ya kuongoza tu. Kwenye pikipiki ya kulalia, kifua chako chote kimeegemea mikononi. Kijana hujishika kwa mgongo na mapaja, mikono yake ikabaki myepesi. Mzee hana mgongo wa kujishika. Huegemea vifundo vya mikono kama anayejiinua kutoka sijida, safari nzima, na kila tuta linampiga hapo hapo. Baba yako akaanza kufa ganzi vidole vya kushoto. Nilimkuta akijikanda kwa mafuta ya karafuu, akanificha chupa kama mtoto aliyeiba sukari.

Na hapo ndipo ilipoanza balaa ya salamu. Mtu wa kwetu huwezi kupita mbele ya watu ukanyamaza, hilo unalijua, hata Uarabuni halikukutoka. Watu walikuwa wakimtolea salamu, naye akiwaitikia. Wallahi alikuwa akiwaitikia, aliniapia, lakini sauti yake iliishia ndani ya helmeti. Mkono hakuweza kuuinua, maana akiuinua anaanguka kifua juu ya tangi. Kichwa hakuweza kukitikisa kikaonekana, maana amekwisha kukiinamisha. Ikawa anapita mbele za wazee kimya, uso umefunikwa, na kitu chekundu kinanguruma chini yake.

Wakaanza kumsema. Aliyeongoza alikuwa Mzee Mbwana, jirani yake, mtu aliyekuwa akiswali naye safu moja. Nilikuwepo msikitini kibarazani alipoanza.

"Ndugu yako yuwapita kama hatuoni," akaniambia. "Tangu apande jogoo lake lile, salamu zetu hazimfikii."

"Anaitikia, Mzee Mbwana. Husikii kwa sababu ya helmeti."

"Mkono hana? Au nao umevaa helmeti?"

Wenzake wakacheka. Maneno ya kibarazani hayafi hapo hapo. Yalimfikia Athumani kabla ya magharibi, tena yameongezwa chumvi: kwamba amekuwa na kiburi, kwamba fedha za bandari zimempanda kichwani, kwamba mzee mzima yuwaringa. Akaja kwangu uso umemshuka. Nikamwambia, "Wapungie mkono wa kushoto basi, uwe unaegemea wa kulia, yaishe." Akanitazama kama niliyemtukana mama yetu. Akasema, "Maalim Khamisi alituambia nini?" Maalim alikuwa ameshakufa miaka mingi, kaburi lake limeota nyasi, na bado bakora yake ilikuwa juu ya kichwa cha baba yako.

Nikamwambia auze pikipiki ile akachukue nyeusi. Akasema akiiuza watasema walimshinda. Hapo alikuwa hana njia, mwanangu. Akiwa nayo yuwaringa, akiiacha ameshindwa. Mtu akishaanza kuchagua chombo chake kwa macho ya watu, watu hao hao ndio watakaomwendesha.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya alasiri. Mimi nilikuwa nimetoka msikitini, natafuta ndala zangu. Yeye alikuwa akirudi kutoka kwenye kivuko, anakuja taratibu kabisa, tuktuk iliyobeba magunia ilikuwa imempita sasa hivi. Haya maneno ya kwamba alikuwa akienda mbio ni ya watu wasiokuwepo. Mzee Mbwana alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, watu wamejaa nyuma yake. Alipomwona akanyoosha shingo, akatoa salamu kwa sauti ya kuadhini.

"Asalaam alaykum, Bwana Athumani!"

Hakuwa akisalimia. Salamu naijua nikiisikia. Alikuwa akimpima mbele ya watu.

Na baba yako akauinua mkono wa kulia. Akaachia mafuta, akaachia breki, akauinua vizuri na kuuweka kifuani kama alivyofundishwa. Pikipiki ikakata mwendo ghafla, yeye akaenda mbele, mwili mzima ukamwangukia mkono wa kushoto, ule wenye ganzi. Mkono ukakunjika. Usukani ukapinda, gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga uliomwagika barabarani, akarushwa juu ya ukingo wa mtaro. Helmeti haikupata hata ufa. Shingo ndiyo iliyovunjika.

Wanatuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Athumani alisikia la mkuu, akalishika umri mzima, akavunjika shingo. Mtaa wetu unaitwa Shika Adabu, nasi tuliishika.

Hospitalini alikuwa bado ana fahamu. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikainama mpaka mdomoni. Nilidhani ataniusia habari zako, au atataka kupiga shahada. Akaniuliza, "Aliniona nikiitika?"

Nikamwambia, "Alikuona."

Akafumba macho, akaonekana ametulia. Shahada nilimtamkia mimi, akaifuata kwa midomo. Hakuiona asubuhi.

Sasa nikwambie lililonikausha mate zaidi ya kifo chenyewe. Matangani Mzee Mbwana aliketi mbele kabisa. Kila aliyeingia kutoa pole alimweleza: marehemu alikuwa mwungwana, hakuwa na kiburi hata chembe, salamu ya mwisho aliyoiitikia ilikuwa ya kwake yeye Mbwana. Alisema hivyo kwa fahari, machozi yakimtoka, na nadhani machozi yalikuwa ya kweli. Hakujua alichokifanya, wala mpaka leo hajui. Watu wakatikisa vichwa, wakasema mashaallah, mwisho mwema. Wale wale waliomwita mringaji! Nilimchukia mtu yule, mwanangu. Mungu anisamehe, namchukia mpaka leo, na salamu zake naziitikia kwa sababu ni lazima, basi.

Baada ya arubaini nikamwendea imamu, nikamuuliza mtu aliye juu ya chombo akisalimiwa afanye nini. Akanijibu upesi, bila ya kufungua kitabu. Kutoa salamu ni sunna, kuitika ni wajibu, na kuitika ni kwa ulimi. Mkono ni mazoea yetu tu, jambo zuri, lakini asiyeweza hana kosa. Nikakaa pale nikalia mbele yake kama mwanamke aliyefiwa. Jibu lote lilikuwa fupi hivyo, na katika wazee wote wa mtaa huu, mimi nikiwamo, hakutokea wa kumwambia ndugu yangu. Maalim Khamisi alikuwa mtu mwema, alitupa dini, lakini hakuwahi kushika klachi. Wazee hukosea, mwanangu. Ukiniona mimi nakosea usichukue maneno yangu ukaenda nayo kaburini kwa sababu tu nina mvi.

Basi nakupa nasaha, na hii upime mwenyewe.

Spoti nunua, ukitaka. Hujafika umri wa kukaa kibarazani ukiulizwa afya. Lakini usimpeleke mtu wa kukupiga picha. Nenda na kiuno chako. Panda, kaa juu yake hapo dukani mpaka muuzaji achoke na wewe, akuone mwehu, akuletee chai. Mwili mzee hausemi ukweli upesi, hujitia ujana mbele ya wageni, husema kesho yake asubuhi. Kwa hiyo iombe uiendeshe, ipitishe kwenye matuta, kisha ulale na uamke ndio ukatoe jibu. Ukiwa umekaa, inua mikono yote miwili kidogo kutoka kwenye usukani. Ukibaki ulipo, pikipiki ile ni yako. Ukianguka mbele, mwachie kijana. Nyayo zako zifike chini zote, si vidole, na uweze kuisukuma kurudi nyuma kwa nguvu zako, maana hakuna aibu kama mzee kuomba watu wamsaidie kugeuza kitu alichonunua kwa raha zake. Zipo spoti za usukani wa juu zenye kasi ya kukutosha wewe na kukubakia. Watakwambia ni za mwalimu mkuu. Waulize, mwalimu mkuu ana ubaya gani? Hustaafu akiwa hai.

Helmeti chukua ile inayofunguka mdomoni, watu wakusikie. Na ukisalimiwa njiani, itika kwa ulimi, mikono ibaki ilipo. Mtu ukimheshimu sana, simama, zima injini, shuka, umpe mkono wa kulia na umuulize habari za nyumbani kwake. Usipoweza kusimama, pita. Atanuna. Mwache anune. Aliyenuna utamkuta msikitini, utamwomba radhi, mtapatana na kucheka. Mimi na baba yako hatuna tena pa kupatana, nami nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia.

Ninyanyue sasa, miguu imekufa ganzi. Mungu akupe mgongo usiokusaliti, na chombo kinachokutii. Akupitishe mbele za watu ukiwa salama, hata wakisema unaringa. Akukalishe miaka mingi ya kusemwa, mwanangu, nami nife kabla yako, kama inavyotakiwa.